Jamaa aliyeuza usiku mmoja wa kungoja ndovu

Ukishuka matatu pale Kiganjo asubuhi ambayo ukungu haujatanda, usikimbilie chai kwanza. Simama kando ya barabara, ugeuke polepole. Upande mmoja utaona Mlima Kenya na meno yake meupe. Upande wa pili kuna ule mgongo mrefu wa Nyandarua, ambao ramani nyingi bado zinauita Aberdare. Wewe uko katikati, kama kachumbari ndani ya smokie.

Hapo katikati, zamani, ndovu walikuwa na njia yao. Walitoka msitu wa mlima mmoja wakaenda wa mwingine, kabla mashamba hayajajaa na kabla ya chuo cha polisi na kiwanda cha maziwa kujengwa. Sasa kuna jamaa mmoja aliiangalia njia hiyo akaona biashara. Hakuona pembe za ndovu wala ngozi, kama wengi wa rika lake. Aliona kitanda. Alitafuta mti karibu na maji, akajenga vyumba huko juu, akaanza kuwatoza watu pesa ili wakeshe wakiangalia chini.

Aliitwa Eric Sherbrooke Walker. Jina la mti wake unalijua hata kama yeye humjui: Treetops.

Najua unachowaza. Treetops ni ile stori ya Malkia, na tumeimeza tangu darasa la nne. Ngoja tutafika. Lakini mimi nimekuja kwa huyu mwenye hoteli, na nina sababu.

Sababu yangu ni hasara. Mwaka jana niliwakusanya marafiki watano tukachanga pesa za safari ya siku moja mbugani. Tulipata ukurasa mmoja mtandaoni wenye picha kali na ahadi kali zaidi: wanyama wakubwa watano, wote siku moja, usipowaona unarudishiwa pesa. Mimi ndiye niliyetuma kwa simu. Gari lilitakiwa saa kumi na moja alfajiri, likafika saa tatu. Tulipoingia getini jua lilikuwa juu na ukungu bado umelala bondeni. Tuliona ngiri, nyani, na makalio ya nyati wawili wakiingia kichakani. Basi. Tulipodai pesa, tulifungiwa namba. Marafiki zangu walinilaumu mimi, na kusema kweli walikuwa na haki.

Nikiwa na hasira hizo ndipo nikaanza kusoma jinsi biashara hii ilivyoanza hapa kwetu. Nikakutana na Walker.

Kijana asiyetulia

Walker alizaliwa Uingereza mwaka wa 1887. Ukimwangalia akiwa na miaka thelathini na mitano hungesema huyu ataacha hoteli nyuma yake. Ungesema huyu ataacha deni.

Alisomea Oxford, akaingia katika harakati za skauti zikiwa bado changa, na akawa mmoja wa watu wa karibu wa Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti. Ushike huo urafiki, utarudi. Vita Vikuu vya Kwanza vilipoanza akawa rubani. Mwaka wa 1915 ndege yake ikaangushwa na Wajerumani wakamfunga. Huyo jamaa hakukaa kitako. Alijaribu kutoroka mara kadhaa, na inasimuliwa kwamba katika jaribio moja Baden-Powell mwenyewe alisaidia kumpelekea vifaa vya kukata waya, vikiwa vimefichwa ndani ya nyama. Mwanzilishi wa skauti duniani, anaingiza magendo jela!

Vita vilipoisha, Walker akaenda Urusi kupigana upande wa waliowapinga Wabolsheviki. Upande huo ukashindwa. Akarudi nyumbani na medali, mifuko mitupu, na mwanamke aliyempenda: Lady Bettie Feilding, binti ya Earl wa Denbigh. Unajua vile inakuwa ukipenda binti wa nyumba kubwa na wewe huna hata kiti. Hiyo haikuanza na kizazi chetu.

Basi Walker akatafuta hustle. Marekani wakati huo ilikuwa imepiga marufuku pombe, kuanzia mwaka wa 1920. Yeye akawa anapakia pombe melini, anavuka Atlantiki, na kuiuza kimagendo huko pwani ya Marekani. Kazi ilikuwa na pesa na ilikuwa na risasi. Baadaye aliandika kitabu kuhusu maisha hayo kwa jina la kubuni, James Barbican, kikatoka mwaka wa 1927. Mwaka mmoja kabla ya kitabu, alikuwa amemuoa Bettie.

Sikuambii umuige. Nakuambia ujue kwamba msingi wa utalii wa Nyeri, huu tunaouvalia fulana, ulichanganywa na pesa za chang'aa ya Wazungu.

Nyeri, na wazo la mke wake

Walker na Bettie walikuja Kenya wakiwa na pesa hizo na mpango wa kuanza maisha. Walipata ardhi Nyeri, kwenye ukingo unaotazama bonde la mto Chania, na Mlima Kenya ukiwa mbele yao. Hapo wakajenga hoteli, wakaifungua mwanzoni mwa mwaka wa 1928. Wakaiita Outspan, neno la wasafiri wa magari ya ng'ombe kule Afrika Kusini, maana yake mahali pa kufungulia ng'ombe nira wapumzike.

Tusipite haraka hapo. Niliposema walipata ardhi, jua ilikuwa ni ardhi ya nani kabla serikali ya kikoloni haijaanza kuigawa. Wazee wetu walikuwa hapo. Wakati Walker anaweka vitanda, babu zetu walikuwa wanatembea na kipande shingoni.

Hoteli ilipendwa. Baden-Powell, rafiki yule wa nyama yenye siri, alikuja kutembea akapapenda, na mwaka wa 1938 nyumba ndogo ikajengwa kwa ajili yake na mkewe ndani ya uwanja wa Outspan. Wakaiita Paxtu. Aliishi hapo hadi akafa Januari 1941, na kaburi lake liko mjini Nyeri. Hadi leo maskauti wanatoka pande zote za dunia kuja kulisalimia.

Lakini hoteli nzuri yenye mandhari zilikuwepo nyingine. Walker alihitaji kitu cha kumfanya mgeni alale usiku mmoja zaidi. Jibu lilitoka kwa Bettie. Alikumbuka ile hadithi ya watoto ya Peter Pan na nyumba ya Wendy, akataka nyumba ya mtini. Walker angeweza kucheka. Badala yake akaenda kutafuta mti.

Aliupata ndani ya msitu wa Nyandarua, si mbali sana na mji wa Nyeri, kando ya kidimbwi ambacho wanyama walikuja kunywa maji na kulamba chumvi, kwenye njia ile ya ndovu niliyokuonyesha mwanzo. Mti wenyewe ulikuwa mugumo.

Kama wewe ni wa huku huhitaji kuelezwa. Kama si wa huku, sikiza: kwa Agikuyu mugumo si mti wa kupigilia misumari. Ni mti wa ibada. Chini ya mugumo wazee walichinja kondoo na kuomba mvua, wakielekea Kirinyaga. Walker alipigilia misumari.

Kujenga kwenyewe kulikuwa noma. Wanyama hawakuwa wameambiwa kuhusu mradi. Wafanyakazi walifukuzwa na ndovu na vifaru mara kwa mara, kazi ikasimama, gharama ikapanda. Hawa wafanyakazi, waliopanda na mbao mgongoni huku kifaru yuko chini, majina yao sijayaona katika hadithi zinazosimuliwa watalii. Jina la Walker liko. La Bettie liko. La mti liko.

Mwaka wa 1932 nyumba ikafunguliwa. Vyumba viwili tu.

Alichokuwa anauza

Sasa hapa ndipo nilipoanza kumwelewa huyu mzee.

Mwanzoni Treetops haikuwa inafunguliwa kila siku. Ilikuwa Jumatano usiku peke yake. Ulikuwa mgeni wa Outspan kwanza, kisha unapelekwa mtini alasiri, unalala huko, asubuhi unarudishwa. Gari halikufika hadi chini ya mti. Kipande cha mwisho ulitembea kwa miguu kwenye kijia, mwindaji mwenye bunduki akiwa mbele. Kwenye miti ya kando ya kijia kulipigiliwa ngazi, ili kifaru akitokea, upande haraka na usiulize maswali.

Ukifika juu, masharti. Hakuna kelele. Hakuna kushuka. Unakaa kwenye baraza, unajifunika blanketi kwa maana baridi ya Nyandarua haina huruma, na unangoja. Chakula kilikuwa cha kawaida, vingi vya mkebe. Hakuna aliyekuambia utaona nini, kwa sababu hakuna aliyejua. Mwezi ukitoka, ndovu wakija, umeona. Wasipokuja, umesikia msitu ukipumua usiku kucha, na hiyo ndiyo ilikuwa safari yako.

Umeona tofauti? Wakati huo safari kwa Mzungu ilimaanisha kumfuata mnyama umpige risasi, ama umkimbize kwa gari. Walker alikugeuza kiti. Wewe ndiye uliyekaa kimya kama uko kwenye kizimba, na mnyama ndiye aliyekuja kwa hiari yake, akanywa maji, akakuangalia ama akakupuuza, akaondoka. Bidhaa haikuwa mnyama. Bidhaa ilikuwa kungoja.

Mimi na wenzangu watano tulinunua kinyume chake. Tulinunua wanyama watano kwa siku moja, kama unga na mafuta. Na aliyetuuzia alikuwa ameuza kitu ambacho si chake. Ndovu hana mkataba na mtu.

Usiku ule

Haya, Malkia.

Mwaka wa 1947 binti mfalme Elizabeth alipoolewa, koloni ya Kenya ilimpa zawadi: nyumba ya mapumziko chini ya Mlima Kenya, hapa hapa upande wa Kiganjo. Ndiyo Sagana Lodge, ambayo baada ya uhuru ilirudi kwa serikali ikawa ikulu ndogo. Februari 1952 akaja na mumewe Philip kuiona. Na kwa sababu kila mgeni mkubwa aliyefika Nyeri alitaka kulala mtini, Walker akaambiwa ajiandae. Mti ukaimarishwa, vyumba vikaongezwa.

Alasiri ya tarehe 5 Februari, kabla wageni hawajafika, kundi la ndovu lilikuwa limesimama karibu kabisa na ngazi. Walker alikuwa amekubaliana na watu wake kwamba kukiwa na hatari, foronya nyeupe itapandishwa juu ya paa kama bendera. Foronya ikapandishwa. Mtu mwingine angerudi Kiganjo. Elizabeth, akiwa na miaka ishirini na mitano, akatembea mbele na kupanda.

Walinzi wa usiku ule walikuwa na mzee mmoja wa miaka sabini na sita: Jim Corbett, yule mwindaji wa chui na simbamarara walao watu kule India, ambaye alihamia Nyeri mwaka wa 1947 akaishi kwenye nyumba ile ile ya Paxtu. Alikesha na bunduki akilinda ngazi. Usiku huo huo, maelfu ya kilomita huko Uingereza, Mfalme George wa Sita alifariki usingizini. Mtini hakuna aliyejua. Asubuhi Elizabeth alishuka, akarudi Sagana, na ni huko, upande wetu huu, alipoambiwa na mumewe. Jioni walikuwa wanaruka kutoka Nanyuki kurudi nyumbani.

Fikiria wewe ni Walker. Una hoteli ya vyumba vichache kwenye mti, na dunia nzima kwa siku moja inajua jina lake. Hakuna tangazo linaloweza kununua hiyo.

Na fikiria pia wewe ni kijana wa Nyeri mwaka huo huo. Hoteli zile hazikuwa zako kulala. Wewe uliingia kwa mlango wa jikoni, ama ukabeba mizigo. Msitu ambao babu yako alitundika mizinga ya nyuki, tangu 1950 ulikuwa mbuga ya taifa, na wenye ruhusa ya kulala humo walikuwa wale wenye tikiti. Oktoba 1952 hali ya hatari ikatangazwa, na vijana wa rika letu wakaingia msitu ule ule bila kuomba nafasi kwa mtu. Wao pia walikaa kimya usiku wakisikiliza. Ila wao walisikiliza buti za askari, na baadaye mabomu.

Tarehe 27 Mei 1954 wapiganaji wa Mau Mau wakaichoma Treetops. Jengo likateketea, na mugumo nao ukaungua.

Nimejaribu kuandika sentensi ya kuhuzunika hapo, imekataa kutoka. Nimejaribu na ya kushangilia, nayo imekataa. Ulikuwa mti mtakatifu uliogeuzwa hoteli, kisha hoteli ikageuzwa majivu. Chukua muda wako na hilo.

Baada ya moto

Walker hakuacha. Mwaka wa 1957 akafungua Treetops nyingine karibu na kidimbwi kile kile, kubwa zaidi, ikisimama juu ya nguzo za mbao. Ni mwaka ambao Dedan Kimathi, mtoto wa Nyeri, alinyongwa Kamiti mwezi Februari. Miezi inafuatana, na vitabu vya watalii haviviweki vitu hivi viwili kwenye ukurasa mmoja. Mimi naviweka.

Hoteli ikazidi kupanuka hadi ikawa na vyumba makumi. Mwaka wa 1962 Walker akatoa kitabu kuhusu hoteli yake, safari hii kwa jina lake mwenyewe. Uhuru ukaja. Hoteli zikapita mikononi mwa wengine. Yeye akaondoka Kenya, na mwaka wa 1976 akafia kisiwa cha Mallorca huko Uhispania, akiwa na miaka themanini na minane. Elizabeth alirudi Treetops mwaka wa 1983 akiwa malkia. Walker hakuwepo kumpandishia foronya.

Msitu nao ukazungushiwa ua wa umeme wa kilomita karibu mia nne, kazi iliyoanza 1989 na kumalizika 2009. Ua huo umewaokoa wakulima wengi na hasara ya mahindi, na umeokoa ndovu na mishale. Lakini ile njia ya kale kati ya milima miwili, iliyomfanya Walker auchague mti ule, sasa ni shamba la viazi, barabara ya lami, na wewe ukiwa umesimama hapo Kiganjo na chai yako.

Sasa wewe

Kwa hivyo huyu Walker alikuwa nani? Mpenda hatari, mlanguzi wa pombe, mkoloni, mume aliyesikiliza wazo la mke wake, mfanyabiashara mwenye jicho kali. Vyote kwa pamoja, na sitaki kukuondolea hata kimoja ili hadithi iwe tamu. Alianza hoteli yake ya kwanza akiwa na miaka arobaini, na mimi niliyeacha chuo mwaka wa pili karo ilipogoma, hapo kidogo nilipumua.

Lakini kitu kimoja alikijua ambacho wauzaji wengi wa leo hawajui, ama wanajua na wanaficha: huwezi kuuza ndovu. Unaweza kuuza mahali pazuri, saa inayofaa, mtu anayejua msitu, na nafasi ya kungoja.

Ukitaka kwenda, nenda. Msitu ule, ambao babu yako hakuruhusiwa kulala humo, sasa ni wako kuutembelea, na kama raia unalipa kiingilio cha chini kuliko mgeni. Kiingilio cha mbuga za serikali kilipe mwenyewe kupitia eCitizen, usimtumie mtu akulipie. Muulize anayekuuzia safari kama ana leseni ya mamlaka ya utalii, na umwombe aionyeshe. Muulize gari litafika getini saa ngapi, si picha zimepigwa wapi. Na akikuahidi wanyama watano kwa siku moja, funga simu.

Marafiki zangu, kwa taarifa yenu, wamenisamehe wanne. Wa tano anangoja nimrudishie pesa yake, na anangoja kwa utulivu unaonitia wasiwasi. Nimemwambia wikendi moja tutapanda ile treni ya Nanyuki iliyofufuliwa mwaka wa 2020, tushuke Kiganjo, na nimlipie mimi siku moja msituni, alfajiri, bila ahadi yoyote.

Amekubali. Amesema tu nibebe blanketi mbili.